Sanduku Moja, Kufuli Tatu: Mtaa Wetu wa Soko wa Wabera

(Maneno haya yalisemwa na mama mmoja mfanyabiashara wa Isiolo mbele ya wajumbe wa vikundi vya kujisaidia waliotembelea mji. Tumeyaandika karibu jinsi alivyoyasema, ili yasomwe pia katika vikundi ambavyo havikupata nafasi ya kuja.)

  

Nimeombwa niseme juu ya historia ya mtaa wetu wa soko hapa Wabera. Mimi si mwalimu. Nilifika katika mtaa huu mwaka 1988 na gunia moja la viazi kutoka Meru, nikatandika gunia lingine chini, nikaketi, nikauza. Mpaka leo nauza. Kwa hiyo nitawaambia yale niliyosikia kwa wazee, na yale niliyoyaona mwenyewe nikiwa nimeketi pale pale.

Nyinyi mmetoka Kinna, Merti, Ngare Mara, Oldonyiro na vijiji vingine. Asubuhi wengine wenu mliniambia, "Mama, sisi kikundi chetu ni watu wa ukoo mmoja, kwa hiyo hatuna matata." Nimefurahi. Lakini mwishoni nitawauliza swali juu ya jambo hilo, kwa hiyo msilale.

KIKOMBE CHA CHAI

Mmekunywa chai hapa asubuhi. Hebu tuiangalie hiyo chai.

Majani yake yamelimwa kule juu Meru, kwenye baridi. Maziwa ni ya ngamia. Mfugaji amekamua porini kabla jua halijatoka, na kijana wa bodaboda akayakimbiza mpaka mjini. Sukari imekuja na lori, ikauzwa na mwenye duka ambaye babu yake alikuja hapa akiwa askari. Makaa yameletwa na mama Mturkana, aliyetembea nayo mgongoni tangu usiku. Sufuria imezibwa tundu na fundi wa jua kali ambaye kwao ni Nyeri.

Sasa niambieni, ni kabila gani hapa linaloweza kupika chai peke yake? Hakuna. Ukimtoa mmoja, unakunywa maji ya moto.

Hilo ndilo jambo langu la leo, na yote nitakayosema yatarudi hapo. Mtaa wetu haukujengwa na kabila moja, wala haulishwi na kabila moja. Kila mara watu walipojaribu kuugawa, wote walipata hasara, hata wale waliodhani wameshinda.

MJI ULIOANZA NA KAMBI

Ukitembea Isiolo utasikia majina: Kambi Garba, Kambi ya Juu, Kambi Odha, Kambi Sheikh. Kila mahali ni kambi. Majina hayo yanatuambia kwamba watu wengi wa mji huu walifika kama wasafiri. Walipiga kambi, na baadaye kambi ikawa nyumba.

Kabla ya mji, wafugaji walikuwa wakipita hapa kutafuta maji na majani, na Wasamburu ni miongoni mwao. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipokwisha mwaka 1918, serikali ya Waingereza ilikuwa na askari Wasomali wa Isaaq na Herti waliopigana upande wake. Wengi wao walipewa mahali pa kukaa hapa Isiolo. Walikuwa na mifugo na walijua biashara. Wajukuu wao ni majirani zangu wa duka mpaka leo.

Waturkana nao walikuja zamani hizo hizo, wengi wao wakifanya kazi ya mikono na ya kuchunga mifugo. Miaka ya 1930 Waborana walihamia kutoka upande wa Wajir, wakakaa kando ya mto Ewaso Nyiro. Ndio tunaowaita Waborana wa Waso. Wahindi na Waarabu walifungua maduka. Na sisi Wameru tulikuwa tukiteremka na mboga, ndizi na miraa, kwa sababu shamba liko juu na mnunuzi yuko chini.

Isiolo ikafanywa makao makuu ya ile Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini, ambayo wazee wanaijua kwa herufi zake, NFD. Hapo ndipo mji ulipopata ofisi, jela na kambi ya jeshi. Mwaka 1940 na 1941 majeshi ya Waingereza yalipita huku yakienda kupigana na Waitalia kule Ethiopia. Askari anakula, na akila, soko linakua.

Jambo lingine lililojenga mji ni ng'ombe. Waingereza waliogopa homa ya mapafu ya ng'ombe isifike kwenye mashamba ya walowezi. Kwa hiyo ng'ombe wa kaskazini walizuiliwa hapa kwa muda, wakachunguzwa na kuchanjwa, ndipo wakaruhusiwa kwenda kusini. Baada ya uhuru kazi hiyo iliendelea chini ya idara ya serikali ya soko la mifugo, na mahali penyewe panaitwa LMD mpaka leo. Mwenye ng'ombe aliyekuwa akingoja alinunua unga, kitambaa, majani ya chai na tumbako. Akingoja mwezi mzima, ananunua mwezi mzima. Ndivyo duka la kwanza lilivyozaa la pili.

PASI MKONONI

Lakini msidhani ilikuwa raha. Kulikuwa na sheria ya mwaka 1902 iliyoipa serikali uwezo wa kufunga wilaya za mbali, na kaskazini yetu ikafungwa mwaka 1926. Hukuingia bila kibali, wala hukutoka bila kibali. Mwaka 1934 ikaja sheria nyingine. Hiyo iliruhusu ukoo mzima uadhibiwe kwa kosa la mtu mmoja. Mtu mmoja akiiba, ng'ombe za jamaa yake wote zinachukuliwa. Tafadhali likumbukeni jambo hilo la 1934, nitalihitaji baadaye.

Isiolo basi ilikuwa mlango. Upande huu Kenya, upande ule NFD. Ndiyo sababu hata miaka mingi baada ya uhuru, mtu wa Marsabit au Moyale akipanda lori kwenda Nairobi alisema, "Naenda Kenya." Tulikuwa tunacheka, lakini haikuwa mzaha. Lami iliishia hapa hapa. Hapa ndipo palipokuwa na ile baria ya polisi, unashuka, unaandikwa jina, unaulizwa kabila na safari yako.

Mwaka 1989, nikiwa bado mgeni mtaani, Wakenya Wasomali walipangwa foleni kuhakikiwa uraia wao, wakapewa kadi ya rangi ya waridi. Nilimwona jirani yangu aliyeniazima mizani yake siku yangu ya kwanza sokoni akisimama juani kuthibitisha kwamba yeye ni Mkenya. Alizaliwa Isiolo, na mimi nilikuwa na mwaka mmoja tu mjini. Hakuna aliyeniuliza mimi kadi. Siku hiyo nilijifunza kitu.

JINA LA WABERA

Wengi hutaja jina la wadi yetu kila siku bila kujua lilitoka wapi. Vijana, sikilizeni.

Daudi Dabasso Wabera alikuwa DC wa kwanza Mwafrika hapa Isiolo. Mwaka 1963 nchi ilikuwa inakaribia uhuru, na kaskazini kulikuwa na mvutano mkubwa. Wengine walitaka kujiunga na Somalia, wengine walitaka kubaki Kenya. Wabera aliamua kwenda kwa watu na kuzungumza nao. Alifuatana na chifu mkuu wa Waborana, Haji Galma Dido. Mwezi wa Juni 1963, karibu na Modogashe, wote wawili waliuawa kwa risasi. Madaraka yalikuwa yamepatikana tarehe 1 ya mwezi huo huo. Uhuru wa Desemba hawakuuona.

Hata Nairobi kuna barabara ya Wabera, katikati ya mji. Watu wanaipita wakienda kazini, wala hawajui.

Baada ya hapo vita vya shifta vilitushika mpaka mwaka 1967, Kenya na Somalia zilipopatana kule Arusha. Watu wa Garba Tulla na Merti walikusanywa katika vijiji vyenye ulinzi, mifugo ikafa kwa kukosa malisho na kwa risasi. Wazee wengi wa Kiborana waliingia mji huu bila hata mbuzi mmoja, watu ambao awali walikuwa na mamia. Wengine walianza kuuza kuni. Sheria za hali ya hatari zilibaki juu ya kaskazini mpaka mwaka 1991. Hebu hesabuni miaka hiyo.

Lakini kuna jambo moja linalonipa moyo. Modogashe hiyo hiyo, karibu na mahali alipouawa Wabera, mwaka 2001 wazee wa wilaya za kaskazini walikutana wakaandika mapatano ya amani juu ya malisho, wizi wa mifugo na fidia ya damu. Mapatano hayo yamevunjwa mara nyingi, sitawadanganya. Lakini yaliandikwa, na mtu akivunja, watu wanajua kilichovunjwa. Mahali palipomwagika damu panaweza kuwa mahali pa kuketi.

MTAA ULIVYO SASA

Twendeni sasa mtaani. Barabara kuu ya kaskazini inapita katikati ya mji. Upande mmoja unaona minara ya msikiti wa Jamia, upande mwingine unasikia kwaya ikifanya mazoezi. Kuna maduka ya vitambaa, madira na shuka. Kuna hoteli za nyama ya ngamia, anjera na chapati. Kuna nyirinyiri ndani ya mikebe, nyama iliyokatwa vipande vidogo na kukaangwa mpaka ikakauka, inayokaa miezi bila friji. Basi likisimama tu, vijana wanakimbilia madirishani na bangili za shaba na za alumini zilizosokotwa. Na saa ya miraa, kila kitu kinasimama. Gari kutoka Nyambene linaingia mbio, akina mama wanapokea mafungu yao, na mengine yanaendelea na safari ya Marsabit, Moyale na Wajir.

Lugha ya mtaa ni Kiswahili, Kiswahili chetu cha Isiolo ambacho mtu wa Mombasa akikisikia anashika kichwa. Lakini ukitaka kuuza, unajifunza hesabu ya mwenzako. Mborana anahesabu tokko, lama, sadi, afur, shan. Msomali anahesabu kow, laba, saddeh, afar, shan. Mmesikia? Wakifika tano wanakutana. Na Mmeru akisema ithano na Mswahili akisema tano, nao wamekutana. Mimi nilicheka sana siku nilipogundua hivyo.

Na sasa maziwa, maana hili linawahusu nyinyi wa vikundi. Miaka ya 1990 akina mama, wengi wao Wasomali, walikuwa wakiuza maziwa ya ngamia kila mtu na mtungi wake. Yakichachuka, hasara ni yako. Wakaungana kikundi, na baadaye kikundi kikawa ushirika unaoitwa Anolei. Maziwa yanatoka kwa wafugaji, yanakaguliwa mjini, yanapozwa, kisha yanapanda basi kwenda Eastleigh, Nairobi, karibu kilomita 280. Maziwa hayangoji mtu. Barabara ikifungwa siku moja kwa ajili ya vita, maziwa yanamwagwa. Kwa hiyo mama wa maziwa anahitaji mfugaji, dereva, mwenye friji na mnunuzi, na wote hao waweze kupita bila kuogopa.

Lami nayo imebadili mambo. Zamani magari yalisubiriana hapa, yakaenda kwa msafara na askari wenye bunduki. Abiria walikaa juu ya vyuma vya lori la ng'ombe siku mbili, siku tatu mpaka Moyale. Leo lami imefika Moyale, karibu kilomita 500, na basi linaenda kwa siku moja. Ni baraka. Lakini magari mengine yaliyokuwa yanalala hapa sasa yanapita tu, na mama wa hoteli analiona vumbi lake.

Na kuna mambo makubwa zaidi. Mwaka 2012 mradi wa LAPSSET ulizinduliwa Lamu, wa bandari, barabara, reli na mabomba, na Isiolo imo katika ramani yake. Mwaka 2013 tukapata serikali ya kaunti, na makao yake ni mji huu. Mwaka 2017 uwanja wa ndege uliopanuliwa ukafunguliwa. Hesabu ya watu ya mwaka 2019 ilipata watu 268,002 katika kaunti yote. Ploti ambayo zamani hakuna aliyeitaka, leo ndugu wanaipigania. Ndiyo maana nasema hatari ya leo inaweza kuzidi ya jana. Penye mali kidogo tuligombana. Penye mali nyingi tutafanyaje?

SANDUKU LA KUFULI TATU

Sasa nitawaambia jambo langu mwenyewe, na si la kunisifu.

Mwaka 2011 tulikuwa na kikundi cha akina mama 16 wa mtaa huu. Kila wiki kila mmoja alitoa shilingi 100. Wiki 24 zilikuwa zimepita, kwa hiyo tulikuwa na shilingi 38,400 ndani ya sanduku la chuma. Sanduku lilikuwa na kufuli tatu. Ufunguo mmoja alishika mama Mborana, muuza maziwa. Wa pili alishika mama Mturkana, muuza makaa. Wa tatu nilishika mimi. Sanduku lenyewe lilikaa nyuma ya kibanda cha vitambaa cha mama mmoja Msomali ambaye wote tulimwita Hoyo, yaani mama, kwa sababu alitupita umri.

Mwishoni mwa mwaka huo na mwanzoni mwa 2012 mji uliingia katika mapigano. Nyinyi mnakumbuka. Watu waliuawa, nyumba zilichomwa, shule zilifungwa, familia zililala nje. Mtaa ukagawanyika. Huyu haendi upande huu, yule haendi upande ule. Viazi vyangu vilioza mpaka nikavitupa. Maziwa yalimwagwa. Mwenye duka alifungua nusu mlango.

Mama wetu wa makaa alikimbia usiku na watoto wake, na ufunguo wake.

Wiki ya tatu, mtoto wa mwenzetu mmoja akawa mgonjwa sana, na pesa za hospitali hakuna. Tukakutana wachache, labda tisa, kwa Hoyo. Mama mmoja akasema, "Hii kufuli ya tatu ni ya nini? Tuivunje." Mwingine akasema, "Huyo mama watu wake ndio wanaotuchomea. Hata pesa zake tusimrudishie." Wengine wakanyamaza. Ikasemwa, anayetaka ivunjwe ainue mkono.

Mimi niliinua mkono.

Ndiyo. Mimi ninayewahubiria hapa. Nilijiambia ni kwa ajili ya mtoto. Lakini ukweli ni kwamba nilikuwa na hasira ya viazi vyangu, na nilitaka mtu wa kulipa.

Hoyo alikuwa ameketi juu ya sanduku. Hakuinuka. Akasema, "Mtoto lazima aende hospitali. Lakini nikivunja kufuli ya mtu ambaye hayupo, siku mimi nitakapokuwa sipo mtavunja yangu." Kisha akafungua kitambaa chake kiunoni, akatoa shilingi 1,000, akaziweka chini. Akatungoja. Tukaona haya. Mmoja akatoa 200, mwingine 50. Mimi nilitoa 300. Mtoto alienda hospitali, na leo ni kijana mrefu kuliko mlango huu.

Wiki mbili baadaye kijana wa mkokoteni akaja kwangu na kitambaa kilichofungwa fundo. Ndani yake ulikuwemo ufunguo. Mama wa makaa alikuwa amesikia habari za mtoto, na akautuma kupitia mikono ya watu watatu ambao hata si jamaa yake. Ujumbe wake ulikuwa mfupi: "Fungueni, toeni mnachohitaji, andikeni kwa kitabu."

Alikuwa amelala wiki tano kwa ndugu zake, kibanda chake kimechomwa, na angeweza kuutupa ufunguo ule mtoni. Na mimi niliyekuwa na paa juu ya kichwa ndiye niliyeinua mkono.

Sasa mnaelewa kwa nini niliwaambia mkumbuke ile sheria ya 1934, ya kuadhibu ukoo mzima kwa kosa la mmoja. Tuliimba uhuru, tukasema wakoloni walikuwa wabaya. Lakini siku ile kwa Hoyo, sheria ya 1934 ilikuwa ndani ya mkono wangu. Mama wa makaa hakuchoma nyumba ya mtu.

Si kila kitu kiliisha vizuri. Akina mama wawili hawakurudi mtaani mpaka leo. Mama wa makaa alirudi mwezi wa nne. Tulifungua sanduku mbele yake, tukahesabu, ikatimia. Tukampa mkopo wa kwanza wa kuanza tena. Sikuwahi kumwambia kuhusu mkono wangu kwa muda mrefu. Nilipomwambia, alinyamaza, kisha akasema, "Mimi pia kule nilikokuwa nilisema mabaya juu yenu." Tukanywa chai.

MAMBO YA KUBEBA NYUMBANI

Kwa hiyo nawapa mambo matano. Mkiyaona yanafaa, yafanyieni kazi.

Kwanza, wekeni funguo katika mikono tofauti. Kama kikundi ni cha ukoo mmoja, basi familia tofauti, na kijana mmoja awemo. Ufunguo unaoshikwa na mtu asiye wa kwenu unalinda pesa zako kuliko askari.

Pili, andikeni kila shilingi, na kitabu kisomwe kwa sauti kila mkutano, kwa lugha ambayo hata asiyejua kusoma ataielewa. Mama wa makaa hajui kusoma. Lakini alijua kitabu kipo. Ndiyo sababu alituma ufunguo.

Tatu, pangeni siku ya ubaya wakati wa uzuri. Sisi hatukuwa na kanuni yoyote ya mwenye ufunguo akikosekana, ndiyo maana tulikaribia kuvunja. Sasa tunayo: kuna mfuko mdogo wa dharura nje ya sanduku, na kila mama ana mwenzake wa kabila lingine ambaye lazima amtafute kabla jua halijatua.

Nne, uvumi uulizwe kwa mwenyewe. Ukisikia "watu wa fulani wanakuja", mpigie simu fulani unayemjua. Wakati wa kampeni uvumi unakuwa mwingi kama nzi wa soko la nyama. Mwanasiasa akishapita, wewe na jirani mnabaki mkiangaliana.

Tano, nunuaneni. Kikundi cha mboga kinunue maziwa kwa kikundi cha maziwa. Mtu anayejua hasara yako ni hasara yake atafikiri mara mbili kabla ya kuokota jiwe.

Nilisema nitawauliza swali. Nyinyi mliosema kikundi chenu ni ukoo mmoja na hamna matata: siku barabara itakapofungwa, mtoto wenu awe upande wa pili, nani kule atakayetuma ufunguo?

Mborana akikusalimu anasema nagaa. Msomali anasema nabad. Msamburu anasema serian. Yote ni amani. Hatukuipanga hivyo, ndivyo tulivyoikuta. Basi nami nawaambia amani. Viazi vyangu viko nje, debe na gorogoro, bei ni ya ndugu.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Katika kijiji chenu, kikombe kimoja cha chai kinapitia mikono ya watu wangapi? Watajeni kwa kazi zao.

2. Nani anashika funguo, kitabu na pesa za kikundi? Mmoja wao akikosekana ghafla, kanuni yenu inasema nini?

3. Je, kuna mtu au familia katika kijiji inayolipishwa kosa la mwingine? Kikundi kinaweza kufanya nini?

4. Tafuteni mzee mmoja awaeleze jina la kijiji au mtaa wenu lilitoka wapi. Andikeni majibu yake katika kitabu cha kikundi.